Kwa nini tunawatoa wabunge kila miaka mitano na hasira inabaki palepale

Kila uchaguzi Uganda huacha maneno yaleyale midomoni mwa watu. Wanasiasa wote ni walewale. Wanatujua wakati wa kura tu. Siasa imegeuka biashara. Baada ya kura za Januari 2026 maneno haya yanasikika Busia mpakani, Arua, na Kampala kwenye vijiwe vya bodaboda, na hayana chama: anayasema mwenye fulana ya njano ya chama tawala na mwenye nguo nyekundu za upinzani. Mwisho wake huwa ombi moja: tunataka mabadiliko.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Watu watatu wanaotamka ombi hilo kwenye benchi moja mara nyingi wanataka vitu vitatu tofauti. Wa kwanza anataka watu wengine, yaani sura mpya Bungeni na kwenye baraza la wilaya. Wa pili anataka chama kingine kishike serikali. Wa tatu anataka kanuni zibadilike: nani anapanga mshahara wa mbunge, mtu akae madarakani muda gani, mwananchi ana njia gani ya kumtoa mtu kabla ya miaka mitano kuisha. Mambo haya matatu yanahusiana lakini si kitu kimoja. Unaweza kupata la kwanza kwa wingi bila kuonja la tatu hata kidogo, na naamini hilo ndilo lililotukuta Waganda kwa muda mrefu.

Kuna neno jingine la kuliweka sawa kabla hatujaendelea. Ninaposema mwanasiasa wa kazi nina maana ya mtu ambaye riziki yake inatokana na cheo cha kuchaguliwa au kuteuliwa, na akikikosa hana kazi nyingine ya maana ya kurudia. Miaka aliyokaa haihusiki sana. Anaweza kuwa na miaka 30 kwenye siasa au na mitatu tu.

Bunge linabadilika kuliko tunavyodhani

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba wabunge wetu wameng'ang'ania viti na hawatoki. Rekodi inasema kinyume. Katika chaguzi zilizofuatana, karibu nusu ya wabunge au zaidi hawakurudi Bungeni. Mwaka 2021 Edward Ssekandi, aliyekuwa Makamu wa Rais na kabla ya hapo Spika, alipoteza kiti cha Bukoto ya Kati. Amelia Kyambadde, waziri wa biashara aliyewahi kufanya kazi miaka mingi Ikulu karibu kabisa na Rais, aliangushwa Mawokota Kaskazini na mwanamuziki Hillary Kiyaga, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Dr Hilderman. Mawaziri wengine wengi walianguka siku hiyohiyo, hasa katika wilaya za Buganda. Mpiga kura wa Uganda si mwoga wa kumtoa mbunge. Anamtoa bila huruma.

Sasa tazama juu. Yoweri Museveni aliingia madarakani Januari 1986 kwa bunduki, akachaguliwa 1996, 2001, 2006, 2011, 2016, 2021, na Januari 2026 akatangazwa mshindi kwa mara ya saba. Waganda wengi walio hai leo hawajawahi kuongozwa na rais mwingine. Na tangu uhuru wa 9 Oktoba 1962 hatujawahi kushuhudia rais mmoja akimkabidhi mwingine madaraka kwa amani baada ya kura.

Kwa hiyo tuna kiti kimoja juu kisichosogea na mamia ya viti chini yake vinavyozunguka. Mwananchi asiyeweza kugusa kile cha juu humalizia hasira yake kwa vile vya chini. Mbunge anabeba lawama za barabara mbovu, za kituo cha afya kisicho na dawa, za mwalimu asiyefika darasani, ingawa fedha za mambo hayo na wanaozisimamia wako chini ya serikali. Miaka mitano ikiisha anafukuzwa, anakuja mwingine, na aliye juu anabaki na uhuru wa kusema naye amechoshwa na viongozi wazembe. Sisemi kwamba mtu fulani alikaa akaupanga mchezo huu. Ila ndivyo unavyofanya kazi.

Kiti kina bei

Kwa nini basi mtu mpya, aliyeingia kwa machozi na ahadi za wananchi, huanza kufanana na aliyemtoa kabla ya mwaka wa pili kwisha? Jibu la haraka ni tabia: wanasiasa ni wabaya. Jibu hilo halitoshi, maana linatulazimisha kuamini kwamba kila baada ya miaka mitano tunawachagua mamia ya watu wabaya kwa bahati mbaya tu. Tutazame gharama.

Sheria inamtaka mgombea ubunge awe amemaliza kidato cha sita au awe na elimu inayolingana, na alipe ada ya shilingi milioni 3 siku ya uteuzi. Kama ni mtumishi wa umma, mwalimu au muuguzi kwa mfano, lazima ajiuzulu angalau siku 90 kabla ya uteuzi. Kipengele hiki hakizungumzwi sana, na madhara yake ni makubwa. Mwalimu wa shule ya msingi anayelipwa karibu shilingi 500,000 kwa mwezi anatakiwa aache mshahara wake wote kwanza, bila uhakika wa kuupata tena, ndipo aanze kuomba kura. Mfanyabiashara hana sharti kama hilo. Mbunge aliyepo anaendelea kulipwa.

Na hiyo ada ndiyo sehemu ndogo kabisa. Baada yake kuna mafuta ya bodaboda za msafara, mawakala wa kulinda kura kwenye kila kituo, mabango, redio. Kisha yanakuja yale yasiyoandikwa popote: misiba, harusi, harambee za kanisa na msikiti, jezi za timu ya kijiji, ada ya mtoto wa mwenyekiti, sukari na sabuni za wazee. Hayasubiri msimu wa kampeni. Anayetaka ubunge 2031 ameshaanza kuzika watu sasa hivi. Wengi hukopa, wanauza ardhi, wanaweka rehani nyumba. Kilio cha wabunge wanaofukuzwa na wakopeshaji kimekuwa habari ya kawaida magazetini.

Fikiria taksi ya abiria 14 inayofanya kazi Kampala kwenda Mukono. Dereva anatakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila jioni, asipofikisha anakosa kazi. Anajaza watu kupita kiasi, anakimbia, anapandisha nauli mvua ikinyesha. Abiria wanachoka naye, wanalalamika, anaondolewa, analetwa kijana mpole anayesalimia kila mtu. Wiki mbili hazipiti naye anajaza watu na kukimbia. Abiria wanasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Ila kiasi cha jioni hakikubadilika, na hakuna abiria aliyewahi kukiuliza.

Deni la kampeni ndilo kiasi hicho cha jioni. Na hapa naona kitu ambacho wanaolaumu wanasiasa wa kazi kwa kukaa muda mrefu hawakipimi vizuri. Kwa mbunge wa Uganda, hatari kubwa ni kwamba anajua huenda hatakaa. Anajua uwezekano wa kuanguka miaka mitano ijayo ni nusu kwa nusu. Mtu mwenye deni na muda mfupi havumilii kazi za polepole kama kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ukurasa kwa ukurasa. Anavuna mapema. Bunge likijaa wageni wenye madeni kila baada ya miaka mitano, serikali yenye uzoefu wa miaka 40 haipati shida kulishawishi.

Hapo ndipo linapoingia wazo jingine linalopendwa: kula fedha zao, kura mpe unayemtaka. Wagombea wa upinzani wenyewe wamekuwa wakilitumia jukwaani, na naelewa kwa nini. Kwa maskini, kilo ya sukari ya mgombea inaweza kuwa kitu pekee kutoka kwa wanasiasa ambacho ana hakika kimefika mkononi mwake. Simcheki wala simhukumu. Ila hesabu yake ni hii: kila anayekula kwa wagombea watano na kumpigia mmoja amepandisha gharama ya kuingia kwa wote watano. Mshindi anaingia na deni kubwa zaidi, na mgombea safi asiye na fedha, yule tunayesema tunamtamani, hafiki hata kwenye siku ya uteuzi. Wanaoweza kulipa bei hiyo bila kukopa ni wachache, na tunajua fedha zao hutoka wapi: biashara kubwa, au karibu na serikali.

Anayepanga mshahara ni yule anayeupokea

Ibara ya 85 ya Katiba ya 1995 inasema wabunge watalipwa mishahara na marupurupu kama Bunge litakavyoamua. Kwa lugha nyepesi, wanajipangia. Mambo mengi yaliyotukera miaka ya karibuni yanatoka kwenye mlango huu mmoja.

Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona na watu wakipanga foleni ya unga, Bunge lilijitengea shilingi bilioni 10, yaani kama milioni 20 kwa kila mbunge. Mwaka 2021 kila mbunge wa Bunge jipya alipewa shilingi milioni 200 za kununua gari. Mwanzoni mwa 2024 ilifichuka kwamba makamishna wanne wa Bunge, yaani wajumbe wa tume inayoliendesha, wamegawana shilingi bilioni 1.7 zilizoitwa tuzo ya utumishi. Shilingi milioni 500 kati ya hizo zilikwenda kwa Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Yeye alishikilia kwamba zilitolewa kihalali. Chama chake cha wakati huo, NUP, kilimtaka aachie ukamishna, akakataa.

Weka milioni 500 hizo kando ya mshahara wa yule mwalimu wa shule ya msingi. Ni mishahara yake ya miezi 1,000, zaidi ya miaka 83.

Tukio hilo liliuma kwa sababu lilivunja imani nyingine, kwamba doa liko upande mmoja tu. Mtu aliyepewa jukumu la kuikosoa serikali kwa niaba ya wapiga kura wa upinzani alikaa meza moja na wa chama tawala wakagawana. Ila tuwe makini na hitimisho. Wengi walisema unaona, wote ni walewale. Mimi nasema unaona, mlango ni uleule, na kila anayepewa ufunguo anapita. Uhalali ambao Mpuuga aliutaja ndio unaotisha zaidi. Kama jambo la namna hiyo linaweza kufanywa na likaitwa halali, basi kwa kumtoa mtu mmoja hujafunga kitu.

Vijana walioandamana kuelekea Bungeni 23 Julai 2024 walikuwa wamelielewa hili vizuri kuliko wazee wengi waliowakemea. Hawakuandamana kwa ajili ya mgombea. Walidai majibu kuhusu fedha za Bunge, wakamtaka Spika Anita Among ajiuzulu, wakataka matumizi ya wabunge yapunguzwe. Makumi walikamatwa kabla ya kufika. Jirani zetu wa Kenya, baada ya Katiba yao ya 2010, waliunda tume inayopanga mishahara ya viongozi wa umma wakiwemo wabunge. Wabunge wao wamepigana nayo mara nyingi, na bado wanalipwa vizuri sana, lakini angalau kuna mtu mwingine mezani mwenye haki ya kusema hapana.

Mtu kutoka nje ya siasa

Wananchi wakichoka na wanasiasa hutafuta mtu asiye mwanasiasa: mwanamuziki, mchungaji, daktari, mwandishi wa habari, mwanajeshi. Hamu hii si ngeni Uganda. Tuliwahi kuijengea mfumo mzima wa serikali.

Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi ambao wengi waliuona kuwa wa wizi. Kijana Museveni, mgombea wa chama kidogo cha UPM, alishindwa hata kwenye jimbo lake mwenyewe la Mbarara Kaskazini. Februari 1981 akaingia msituni. Alipoapishwa 1986 aliahidi mabadiliko ya msingi, akakataa kwamba ni zamu ya watu wengine tu, na aliwalaumu wanasiasa wa vyama kwa kugawa watu kwa kabila na dini. Dawa aliyoitoa ni mfumo wa Muvumenti: vyama vilizuiwa kusimamisha wagombea, na kila mtu akagombea kwa sifa zake binafsi. Kwa maneno mengine, nchi ilijaribu kuondoa wanasiasa wa vyama kisheria.

Mwaka 2000 ikaitishwa kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura wakaamua Muvumenti ubaki. Julai 2005 ikaitishwa nyingine, na zaidi ya asilimia 90 tena wakaamua vyama virudi. Mara zote mbili upande ulioshinda ulikuwa ule uliopendekezwa na Rais. Sifa binafsi hazikuzuia rushwa kwenye kura, hazikuzuia ukabila, na vyama viliporudi vilikuta chama kimoja kimeshakaa na dola kwa miaka 19.

Kizazi cha sasa kimerudia hamu hiyo kwa njia nyingine. Juni 2017 Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, alishinda uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki kama mgombea binafsi, na miaka minne baadaye chama chake cha NUP kilikuwa na wabunge zaidi ya 50. Wasanii, wanahabari na wanaharakati wakaingia Bungeni nyuma yake au kwa njia zao wenyewe. Baadhi wamefanya kazi nzuri. Lakini kutoka nje ya siasa si chanjo. Aprili 2023, katika kashfa ya mabati yaliyokusudiwa watu maskini wa Karamoja, mawaziri watatu walifunguliwa mashtaka, na mmoja wao alikuwa ameacha uandishi wa habari na kuingia siasani miaka michache tu iliyotangulia. Akaunti ya benki haiulizi ulikuwa nani kabla.

Kuna wale wanaohama pia, na hawa ndio wanaoumiza mioyo ya watu kuliko wote. Anita Among mwenyewe alianzia FDC, chama cha upinzani. Norbert Mao, kiongozi wa DP, chama kikongwe cha upinzani, alisaini makubaliano na chama tawala cha NRM Julai 2022 na kuwa waziri wa sheria. Wanaohama wana sababu zao, na baadhi huzieleza kwa ufasaha. Ila mwananchi aliyefungwa, aliyepigwa au aliyepoteza kazi kwa ajili ya chama hicho hana wizara ya kuhamia.

Kutomwamini mwanasiasa, na kutoyaamini masanduku

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Mtu anasema siendi kupiga kura, wote ni walewale. Mwingine anasema siendi kupiga kura, mshindi ameshapangwa. Wa kwanza hawaamini wagombea, wa pili haamini uchaguzi. Dawa zao si moja, na ukimhubiria wa pili kuhusu kuchagua viongozi wazuri unampotezea muda.

Huyu wa pili ana ushahidi mkononi. Kizza Besigye, mgombea urais wa upinzani, alikwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo ya 2001 na ya 2006. Mara zote mbili majaji walikubali kwamba sheria za uchaguzi zilivunjwa, lakini wengi wao, watatu kwa wawili mara ya kwanza na wanne kwa watatu mara ya pili, waliamua kwamba uvunjaji huo haukuathiri matokeo kwa kiasi cha kuyafuta. Novemba 2020, baada ya Kyagulanyi kukamatwa akiwa kwenye kampeni, zaidi ya watu 50 waliuawa katika siku mbili za maandamano. Januari 2021 intaneti ilizimwa siku ya kupiga kura ikikaribia. Besigye alichukuliwa Nairobi Novemba 2024 na kuletwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Mtu aliyeona haya akisema hana imani, haombi kufundishwa uraia.

Wote wawili lakini hufikia uamuzi mmoja, wa kubaki nyumbani, na wengine huamini kwamba wakibaki wanawaadhibu wanasiasa. Kisheria hakuna adhabu hapo. Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa, mbunge anahitaji tu kura nyingi kuliko mwenzake. Hakuna kiwango cha chini cha waliojitokeza. Mwaka 2016 waliopiga kura ya urais walikuwa kama asilimia 67 ya walioandikishwa, 2021 hawakufika 60, na mshindi wa 2021 hana mamlaka pungufu hata chembe kuliko wa 2016. Tena wanaobaki nyumbani ni wale waliochoka, na wanaokwenda ni pamoja na wale waliofuatwa kwa gari na kupewa cha mkononi. Kura za waliochoka zinapungua, za waliopangwa zinabaki. Naiheshimu hasira ya anayebaki nyumbani, lakini hesabu haimsaidii.

Kanuni zilizobadilika tukiwa tunatazama sura

Katiba ya 1995 iliweka vizuizi viwili kwa rais: mihula isizidi miwili, na umri usizidi miaka 75. Cha kwanza kiliondolewa 2005, baada ya wabunge wengi kupewa shilingi milioni 5 kila mmoja. Cha pili kiliondolewa Desemba 2017 kwa kura 315 dhidi ya 62, baada ya wabunge kupewa milioni 29 kila mmoja zilizoitwa za kwenda kushauriana na wananchi, ambazo wachache walizirudisha. Wakati tafiti za Afrobarometer zimeonyesha mara kwa mara kwamba Waganda wengi wanataka ukomo wa mihula, wabunge waliochaguliwa na Waganda haohao waliuondoa. Katika muswada huohuo wa 2017 walijiongezea na wao miaka miwili, kutoka mitano hadi saba. Mahakama ya Katiba, ikikaa Mbale Julai 2018, iliifuta miaka hiyo miwili ya wabunge na kukiacha kifungu cha umri wa rais kiondoke.

Kuna kanuni nyingine iliyokufa kimya zaidi. Ibara ya 84 inawapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge wao arudi nyumbani kabla ya muda. Watu wengi hawajui kwamba ipo, na wanaojua wengi hawajui kwamba haifanyi kazi: marekebisho ya 2005 yaliongeza kwamba haki hiyo itakuwepo tu nchi ikiwa chini ya mfumo wa Muvumenti. Vyama viliporudi, haki ikalala. Leo mbunge akikusaliti mwezi wa tatu, unaye hadi mwezi wa sitini.

Idadi ya viti nayo imeongezeka bila sisi kuuliza sana. Mwaka 1986 wilaya zilikuwa 33, sasa zimepita 130. Kila wilaya mpya huja na kiti cha mbunge mwanamke wa wilaya, na mara nyingi na majimbo mapya. Bunge la 1996 lilikuwa na watu wasiofika 300, la 2021 likawa na 529. Wananchi wenyewe huomba wilaya, kwa sababu wameahidiwa kwamba huduma zitasogea. Hospitali haisogei kwa kasi ambayo viti vinaongezeka, na kila kiti kina gari lake na marupurupu yake.

Chini kabisa, kwa mwenyekiti wa kijiji wa LC1, ambaye kila mtu anamfahamu kwa muhuri na barua zake, uchaguzi ulifanyika 2001 kisha haukufanyika tena mpaka Julai 2018. Miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kati ya chaguzi hizo alifika sekondari bila kuona kijiji chake kikimchagua mwenyekiti. Hiyo ndiyo ngazi ambayo mgombea hahitaji mkopo, watu wanapanga mstari nyuma yake mchana kweupe, na wanajua kama alikula fedha za kisima. Tulitaka viongozi wasio wanasiasa wa kazi, na mahali wanapopikwa palifungwa.

Kwa anayetaka kumpima mbunge wake kwa kanuni badala ya maziko aliyohudhuria, maswali yanajulikana. Je, atapeleka au ataunga mkono muswada wa kuitoa mishahara ya wabunge mikononi mwa wabunge? Je, Ibara ya 84 irudishiwe uhai? Ukomo wa mihula urudi, na safari hii uwekwe mahali ambapo Bunge peke yake haliwezi kuugusa bila kura ya maoni? Na bajeti ya Bunge lenyewe, ambayo kisheria hupitishwa pamoja na bajeti ya taifa kabla ya tarehe 31 Mei, aliisemea nini?

Swali hili la mwisho ndilo gumu kujibiwa. Kura ya Desemba 2017 ilipigwa kwa kuita majina, mmoja baada ya mwingine, na hadi leo tunaweza kumtaja kila aliyesema ndiyo. Bajeti kwa kawaida haipitishwi hivyo. Spika huuliza, wanaokubali wanasema ndiyo kwa pamoja, wanaokataa wanasema hapana, na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge, haiandiki kelele ile ilitoka koo la nani.